Fanusi za Chiang Mai na Mjomba Aliyegoma Kurusha

Ile picha bila shaka umeiona. Anga jeusi, fanusi za karatasi kwa maelfu zinapaa kwa wakati mmoja, na chini yake mrembo kavaa gauni jeupe, shingo kainyoosha juu. Nimeikuta kwenye kalenda za ukutani, kwenye matangazo ya mawakala wa safari, hata ndani ya saluni moja ya Ngamiani, Tanga, imebandikwa juu ya kioo bila maelezo, na kila mteja ana jibu lake kuhusu ilikopigwa.

Imepigwa kaskazini ya Thailand, lakini mara nyingi si ndani ya mji wa Chiang Mai wenyewe. Nje ya mji kuna viwanja vilivyozungushiwa uzio, ambako mgeni hukata tiketi ya maelfu ya bati, pesa ya Thailand, akapewa mahali pa kukaa, chakula cha jioni na fanusi zake, kisha mtu wa kipaza sauti huhesabu ili wote waachie kwa mpigo mmoja. Sisemi ni utapeli. Watawa wapo, sala zinasomwa, na wanaorudi huko hurudi na furaha. Ila sikukuu ina umri mkubwa kuliko viwanja hivyo, na sehemu yake niliyoipenda zaidi haikuwa angani kabisa.

Kwanza, sikukuu zenyewe ni mbili, zimekutana usiku mmoja. Loy Krathong ni ya Thailand nzima: usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili kwa kalenda yao, watu huenda mtoni kuelesha krathong, vyombo vidogo vya majani ya mgomba vyenye mshumaa na udi. Yi Peng ni ya kaskazini, ya watu wa Lanna, ule ufalme ambao Mfalme Mangrai aliujengea mji wa Chiang Mai mwaka 1296. Kwa hesabu ya Lanna mwezi huohuo ni wa pili, na hapo ndipo fanusi zinapoingia. Tuliozoea kuandama kwa mwezi hatupati tabu kuelewa, isipokuwa kwamba wao huongeza mwezi mzima baada ya miaka kadhaa, hivyo sikukuu haizunguki misimu yote kama Idi yetu. Karibu kila mara huangukia Novemba, mvua zikiwa zimekatika na usiku umeanza kuwa na ubaridi. Mwaka niliokwenda, 2023, ilikuwa tarehe 27.

Nilikwenda na mjomba wangu. Yeye ni mtu wa mawe. Safaya za Bonde la Umba, zile zenye rangi ambazo hata sonara hujiuliza aziite nini, na mawe mengine ya Tanzania, mengi mwisho wake huwa Bangkok au Chanthaburi, kwenye wakataji na wanunuzi wakubwa. Miaka mingi amekuwa akienda Bangkok na kurudi bila kuona chochote zaidi ya ofisi, hoteli na msikiti. Nilipomwomba anichukue na tupande mpaka Chiang Mai, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari.

"Mwanangu, ile si ngoma. Ile ni ibada ya watu. Wewe waendea nini?"

Swali lilikuwa na historia. Mjomba ni mtu wa Maulidi ya Lamu. Mfungo Sita ukiingia, akiwa na nauli, utamkuta Msikiti wa Riyadha. Na kila akirudi ana malalamiko yaleyale kuhusu wageni wenye kamera: wanasimama mbele ya watu wanaosoma, wanapanda juu ya baraza za watu, wanamwelekezea mzee lenzi puani wakati amefumba macho. Hawajui kinachosomwa na hawaulizi. Kwa hiyo alikubali kwa masharti. Nikae wanapokaa wenyewe. Nisipande juu ya kitu chochote ili nipate picha. Na yeye, chochote kitakachokuwa ni ibada, hamo.

Kwa wanaotoka kwetu, jambo moja la njiani: Thailand huwadai wasafiri wa Kenya na Tanzania kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na pale uwanja wa Suvarnabhumi unapita kwanza dawati la afya ndipo uende uhamiaji. Niliwaona watu wamesimama foleni ndefu ya uhamiaji wakarudishwa nyuma kwa kukosa ule muhuri mmoja. Kutoka Bangkok tulipanda treni ya usiku, kituo kipya cha Krung Thep Aphiwat, zaidi ya kilomita 740 za reli hadi Chiang Mai. Ndege zipo, tena ni saa moja na kidogo tu, ila siku za fanusi ratiba huvurugika kwa sababu nitakayoisema.

Tulifikia nyumba ya wageni mtaa wa Wat Ket, ng'ambo ya mashariki ya Mto Ping. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye mtaa mzima humwita Pa, kama sisi tunavyosema shangazi, nasi tukamwita hivyo. Anaishi na binti yake, aliyekuwa mkalimani wetu. Getini tulikuta wamesimamisha migomba miwili mizima na miwa mirefu, na juu wamepinda makuti mabichi yakafanya tao.

Mjomba akashusha begi. "Hapa pana harusi ya nani?"

Hapakuwa na harusi. Mwezi ule mahekalu ya Lanna husoma kisa cha Vessantara, mwana wa mfalme aliyetoa sadaka kila alichokuwa nacho, hata watoto wake, akaishi msituni, mpaka watu wake walipokwenda kumrudisha kwa shangwe. Lango la majani ni msitu ule anaotokea. Kwetu tungelipamba vivyo hivyo kumpokea bwana harusi au mheshimiwa waziri, kwa mgomba uleule na makuti yaleyale, na nadhani hilo ndilo lililomfanya mjomba alegee kidogo. Mtu hawezi kukaa kigeni sana mbele ya mgomba.

Mchana wa siku yenyewe Pa alitandika mkeka uani, tukaanza kutengeneza krathong. Gogo la mgomba hukatwa mapande ya duara, unene wa vidole vitatu hivi. Ndilo jahazi lenyewe, maana halizami. Majani huchanwa vipande, yakakunjwa ncha ncha, kisha ncha hupangwa kuzunguka ukingo, moja ikifunika mguu wa nyingine, mpaka duara lote lifanane na yungiyungi lililofunguka. Katikati hutiwa maua ya rangi ya chungwa, okidi za zambarau, vijiti vitatu vya udi na mshumaa. Sokoni wengi hubana majani kwa pini za chuma. Pa hataki, yeye huchonga njiti za mianzi, anasema pini huwachoma watu wanaozoa taka mtoni asubuhi.

Majani yangu yalikuwa yanachanika. Kila ncha niliyokunja ilipasuka kwenye mshipa. Mjomba alikuwa kiti cha pembeni na tasbihi yake, anatazama kama asiyetazama, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Muulize mama kama kuna moto."

Jiko la makaa lilikuwepo. Akachukua jani zima, akalipitisha juu ya makaa taratibu, upande huu na upande huu, likabadilika rangi, likang'aa, likalegea. Ndivyo tunavyofanya kwetu jani likitakiwa kufungia chakula. Akalikunja mara nne, halikupasuka. Pa, ambaye yake huyaacha juani kwanza yanyauke, alilipokea, akalinusa, akalikunja yeye mwenyewe, kisha akasema neno ambalo binti yake alicheka sana kabla ya kulitafsiri: kwamba huyu mzee angekuja jana. Kuanzia hapo mjomba akawa fundi wa moto na mimi nikawa mpanga maua. Mikono yake ya mpima mawe ina subira isiyo ya kawaida. Kabla ya alasiri alikuwa ametengeneza krathong nzuri kuliko zetu zote, safu tatu za ncha, zimelingana.

Ndipo Pa akamwambia kwamba usiku ataiweka mtoni mwenyewe. Mjomba akajibu bila kusitasita: "Mwambie kutengeneza nimetengeneza kwa moyo mkunjufu, lakini mtoni simo." Nilijikunja. Binti alitafsiri, na Pa hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Akaniita mimi nimpelekee watoto wa jirani ile krathong, wao hawana babu wa kuwatengenezea. Wat Ket ni mtaa wa zamani wa wafanyabiashara. Una hekalu, una msikiti, umekaliwa na Wachina, Wahindi na wamishonari. Watu wanaoishi hivyo kwa vizazi hawahitaji kuelezwa kwamba jirani ana mpaka wake.

Kuhusu krathong ni ya nini hasa, utapewa majibu mengi. La kawaida ni kumwomba radhi Mae Khongkha, mama wa maji, kwa yote tuliyomfanyia mwaka mzima: tumemnywa, tumemfulia, tumemtupia uchafu. Wengine hukata ncha ya kucha au unywele wakatia humo na sarafu, mkosi wa mwaka uende na maji. Vitabu vya shule huleta kisa cha Nang Noppamas, bibi wa kasri la Sukhothai aliyedaiwa kubuni krathong ya kwanza, lakini wanahistoria wengi wanaona maandishi yake ni ya karne ya 19, zama za Mfalme Rama III. Mimi nilivutwa na kisa cha kaskazini. Kumbukumbu za kale za Lanna zinasema watu wa Hariphunchai, leo Lamphun, waliwahi kukimbia maradhi mabaya ya kuambukiza, wakahamia Hongsawadi katika nchi ya Wamon, ambayo sasa ni Myanmar. Miaka ilipita, maradhi yakaisha, baadhi wakarudi na baadhi wakabaki kwa kuwa wameshaoa huko. Waliorudi wakawa kila mwaka wanaelesha chakula na zawadi majini kwa ajili ya ndugu waliobaki. Nimekulia nyumba ambayo nusu ya ukoo uko Muscat. Kisa hicho sikuhitaji kukisoma mara mbili.

Jua lilipozama, kabla ya mto wala anga, kulikuwa na vibatari. Ni visahani vya udongo vyenye mafuta na utambi, huitwa phang prateep, hupangwa juu ya ukuta, kwenye ngazi, mlangoni, kisimani. Utambi husokotwa uwe na vidole vitatu mfano wa mguu wa kunguru, na kisa chake ni hiki. Kunguru mweupe alitaga mayai matano juu ya mti kando ya mto. Dhoruba ikayapeperusha, akalitafuta moja moja asilione, akafa kwa majonzi. Mayai yaliokotwa na kuku, joka la majini, kasa, ng'ombe na simba. Waliototolewa wakakua, wakakutana, wakawa Mabudha watano wa zama hizi, wanne wameshakuja na wa tano bado. Mama yao akawatokea kutoka mbinguni akawaambia: mkitaka kunikumbuka, washeni utambi wa mguu wa kunguru usiku wa mwezi mpevu. Pa aliwasha vya kwake akiwa amepiga magoti, polepole, haongei na mtu. Hakuna aliyekuwa anapiga picha. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, nyumba baada ya nyumba, mwanga wa chini chini kwenye kuta, na juu yake mwezi umetoka mkubwa. Nikikumbuka Yi Peng hukumbuka hapo kwanza.

Mjomba aliswali magharibi, akavaa kofia, akavuka daraja kwenda zake msikiti wa Ban Haw. Mimi nikafuata umati.

Mji wa kale wa Chiang Mai ni mraba uliozungukwa na handaki la maji, na lango lake la mashariki, Tha Phae, usiku ule halipitiki. Maandamano, ngoma, vikundi vya wanawake wa Lanna wanacheza kwa vidole. Ndani kidogo ya lango, Barabara ya Ratchadamnoen inakutoa mpaka Wat Phan Tao, hekalu la mbao za mtiki ambalo ukumbi wake ulikuwa jumba la mtawala katika karne ya 19. Mitiki yetu ya Longuza, kule Muheza, asili yake ni Asia, na nilisimama nikigusa nguzo ile nikijua mti ninaoushika. Uani kuna kidimbwi, mti wa Budha, fanusi za rangi zimening'inizwa matawini, na watawa vijana waliokaa katikati ya taa ndogo. Wapiga picha wamejipanga safu mbili na miguu ya kamera, wanasukumana kwa adabu. Mjomba angekuwa na la kusema. Nilikaa nyuma kidogo, nikaondoka mapema.

Fanusi za kupaa nilizikuta mtoni, Daraja la Nawarat. Sasa ile habari ya ndege: mamlaka ya mji hupanga maeneo na saa za kurusha, kuanzia jioni hadi baada ya usiku wa manane kwa siku zilizotangazwa, na uwanja wa ndege, ambao uko karibu mno na mji, husimamisha au kuhamisha safari za jioni hizo. Ukirusha nje ya utaratibu kuna faini na kifungo. Si woga wa bure. Fanusi moja ni karatasi nyepesi kama mita moja hivi kwenda juu, chini ina pete ya mwanzi au waya, na katikati ya pete duara la karatasi iliyoloweshwa nta. Sasa zidisha mara maelfu, halafu fikiria injini ya ndege, halafu fikiria mapaa.

Familia moja kutoka Lampang ilikuwa na fanusi kubwa na mikono pungufu: baba, bibi, na kijana mdogo aliyekuwa anaogopa moto. Baba akaniashiria nishike ukingo. Nikashika. Duara likawaka, na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Hapo ndipo wageni wengi hukosea, huiachia mapema ikaanguka kichwani kwa mtu. Karatasi inajaa polepole, vidole vinapata joto, halafu unasikia inakuvuta. Bibi alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Fanusi ile kwa watu wa Lanna inakwenda kwa Chulamani, hekalu la mbinguni linalohifadhi nywele za Budha alizokata siku ya kuacha ufalme. Kila mwaka wa mnyama katika kalenda yao una hekalu lake la kuhiji, na waliozaliwa mwaka wa mbwa hekalu lao ndilo hilo lisilofikika kwa miguu. Kwa sababu hiyo lipo la badala yake duniani, Wat Ketkaram, nyuma tu ya nyumba ya Pa. Bibi alisema neno moja. Tukaachia.

Nilikuwa mshika ukingo wa watu wengine, na hilo lilinitosha. Dua ilikuwa yao. Sikununua yangu, ingawa walikuwa wanaziuza kila hatua.

Na zilipendeza, kwa nini nikatae. Zilipanda kufuata upepo, zikawa nukta, zikakolea kama kundi la nyota lililoamua kuhama. Karibu yetu moja iligonga nyaya za umeme, ikainama, ikashika moto, ikatua juu ya turubai la duka la vitafunio. Mwenye duka alikuwa tayari na mpira wa maji mkononi. Alizima bila hata kukatisha mazungumzo yake. Asubuhi nyaya na karatasi huokotwa mashambani, kwenye mapaa, kwenye miti. Krathong nazo huzolewa: mwaka ule jiji la Bangkok peke yake lilikusanya zaidi ya 639,000, nyingi mno zikiwa za majani na vitu vya asili, maana zile za foamu zimepigwa vita kwa miaka. Kuna na za mkate, ambazo watu huzinunua wakidhani wanawalisha samaki. Mkate mwingi kwenye kidimbwi kidogo huoza na kuwamalizia samaki hewa. Pa hazitaki hizo pia.

Nilimkuta mjomba Ban Haw saa tatu na ushei usiku, kwenye uchochoro wa msikiti, anakunywa chai na wazee. Msikiti ule ni wa Waislamu wa Yunnan, wazao wa wafanyabiashara wa misafara ya nyumbu iliyokuwa ikishuka kutoka China kupitia Burma mpaka huku. Wengi huwataja wao wakieleza asili ya khao soi: tambi za mayai ndani ya mchuzi wa viungo na tui la nazi, juu zimetupiwa tambi zilizokaangwa zikawa kavu, pembeni ndimu, vitunguu na mboga ya achari. Alikuwa amekula bakuli la pili. Wazee walikuwa wamemuuliza anatoka wapi, akawaambia Tanganyika, wakaridhika. Juu ya vichwa vyao fanusi zilikuwa zinapita.

"Zimekuwaje?" aliniuliza.

"Nzuri. Moja imeunguza turubai."

"Umepanda juu ya kitu?"

"Hapana, mjomba."

Siku iliyofuata tulikwenda Lamphun, mwendo mfupi kwa gari, kwenye Wat Phra That Hariphunchai. Huko fanusi hazirushwi. Zinaandikwa jina na nia, zikaning'inizwa juu ya kamba kuzunguka hekalu, rangi kwa rangi, mpaka unatembea chini ya dari la karatasi. Nenda mchana na nenda tena usiku.

Oktoba ya 2024 Ping ulifurika. Tarehe 5 maji yalifika mita 5.30 kwenye kipimo cha Nawarat, kiwango ambacho mji haukuwa umekiona kwa miongo mingi. Binti wa Pa alituma picha: mstari wa tope ukutani juu ya swichi za umeme, mkeka umekwama kwenye dirisha, migomba yote imelala. Mjomba aliuliza jiko kwanza, halafu akauliza kama Novemba watafanya. Walifanya, mwezi mpevu wa tarehe 15. Majani Pa aliyanunua soko la Warorot kwa kuwa yake yalikuwa yameoza, na binti anasema aliyapitisha motoni.

Wanaoniuliza kuhusu kwenda nawaambia wasubiri tarehe zitangazwe, wakate tiketi ya treni mapema kuliko chumba, kadi ya chanjo wasiitie kwenye mzigo wa chini, na jioni ya kwanza waipitishe kwenye mitaa ya vibatari kabla ya kukimbilia darajani. Mjomba ana ushauri wake mmoja, kwamba khao soi ya ng'ombe inaishinda ya kuku, na kwa hilo hataki mjadala.